Joto la ardhini na msaada wa serikali: nini kinafaa kwa makanisa yetu ya Mashariki?

Ndugu zetu walioko Ulaya wanatuandikia kwamba nyumba zao, na mara nyingine hata makanisa wanamosali, siku hizi hupata joto kutoka ardhini, na kwamba serikali za huko ziliwasaidia kulipa mitambo. Halafu wanauliza: na ninyi kule Kongo mnangoja nini? Swali hilo limefika hata kwetu Barumbu, Kisangani, mahali ambapo hakuna anayewasha moto ili nyumba ipate joto, lakini kila nyumba huwasha moto ili watu wale.

Tumeona vema kulijibu kwa utaratibu, kwa sababu komite za makanisa yetu huamua juu ya pesa za waamini: sadaka, michango ya akina mama, na misaada ya marafiki wa mbali. Pesa hizo ni kidogo. Zikiingia katika mtambo usiofaa, maternite hubaki bila maji ya moto na shule hubaki bila paa. Kwa hiyo tunaeleza joto la ardhini ni nini, serikali mbalimbali zimelisaidia kwa njia gani, sheria za nchi yetu zinasema nini, na mwisho tunatoa maswali ambayo kila komite inaweza kuuliza kabla ya kutoa hata franka moja.

Joto la ardhini ni la namna mbili

Watu wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni joto la juu-juu, kuanzia mita moja au mbili hadi mita mia na zaidi chini ya miguu yetu. Sehemu kubwa ya joto hilo ni la jua, ambalo limeingia udongoni polepole. Juu ya uso wa nchi mchana kuna joto na usiku baridi. Ukishuka mita kumi tofauti hizo karibu zinapotea, na udongo hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali hapo. Katika sehemu nyingi za Uingereza wastani huo ni kama nyuzi 10. Kisangani, iliyo karibu kabisa na ikweta, ni kama nyuzi 25.

La pili ni joto la kina, linalopanda kutoka tumboni mwa dunia. Wakenya huliita jotoardhi. Hujitokeza hasa pale ambapo ganda la dunia limepasuka, kama katika Bonde la Ufa. Ndugu wa Kivu wanalijua bila kufundishwa: ndilo linalowaka katika Nyiragongo, na ndilo linalochemsha chemchemi za Mai ya Moto upande wa Rutshuru na zile za Katana. Kisangani iko ndani ya bonde kuu la mto Kongo, mbali na ufa huo. Chini yetu hakuna mvuke unaongoja kuchimbwa kwa urahisi.

Basi mtu akisema "joto la ardhini", swali la kwanza ni hili: lipi kati ya hayo mawili?

Pampu ya joto inafanyaje kazi?

Joto ambalo ndugu wa Ulaya wanalitumia nyumbani mara nyingi ni lile la kwanza. Mtu atashangaa: udongo wenye nyuzi 10 ni baridi, unawezaje kupasha nyumba? Jibu liko nyuma ya frigo. Weka mkono nyuma ya frigo inayofanya kazi, utasikia joto. Joto hilo lilikuwa ndani, katika samaki na maji uliyoyaweka. Mashine imelichukua na kulitupa nje. Pampu ya joto ni frigo iliyogeuzwa. Inachukua joto la udongo na kulitupa ndani ya nyumba.

Mafundi huzika mabomba ya plastiki katika kiwanja, kwa kina cha mita moja au mbili, au huchimba shimo jembamba la wima linaloweza kufika mita mia moja au mia mbili. Maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia barafu huzunguka ndani ya mabomba na kurudi na joto kidogo. Joto hilo huchemsha kimiminika maalumu ambacho hugeuka mvuke hata katika baridi. Kompresa huukandamiza mvuke huo, nao unapokandamizwa hupata joto kali zaidi, kisha huliacha joto hilo katika maji yanayopita chini ya sakafu au katika radieta. Kwa kila kipimo kimoja cha umeme kinachotumika, nyumba hupata vipimo vitatu au vinne vya joto. Ile ziada imetoka ardhini.

Wazo hili si jipya. Mwanasayansi William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852, na mwaka 1912 Mswisi Heinrich Zoelly alipata hati ya kutumia ardhi kama chanzo cha joto hilo.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa. Kwanza, pampu haifanyi kazi bila umeme wa kudumu. Pili, inafaa kwa joto la wastani: maji ya nyuzi 35 hadi 60, ya kupasha nyumba na kuoga. Haichemshi maharage.

Mji wa Bath, Uingereza, una mfano wa kanisa ambalo limesaidiwa na maji moto ya asili. Huko chemchemi hutoa kila siku zaidi ya lita milioni moja za maji yenye nyuzi 46. Karne nyingi maji hayo yaliingia mtoni kupitia mfereji uliojengwa na Warumi. Katika ukarabati wa miaka ya karibuni kanisa kuu la mji, Bath Abbey, liliweka vifaa ndani ya mfereji huo ili kuchukua joto na kulipeleka chini ya sakafu yake. Walitumia kilichokuwa kinapotea mlangoni mwao, kwa haja waliyokuwa nayo, yaani baridi.

Kwa nini serikali hulipa, na malipo yanaweza kupotea vipi

Pampu ya ardhini ni ghali. Uingereza gharama ya nyumba moja mara nyingi hupita pauni 20,000, kwa sababu ya uchimbaji. Faida huja polepole, mwaka kwa mwaka. Watu wachache wanaweza kulipa leo ili wapate faida baada ya miaka kumi na tano, na hapo ndipo serikali huingia.

Uswidi, baada ya bei ya mafuta kupanda sana katika miaka ya 1970, ilitafuta njia ya kuacha kuchoma mafuta majumbani. Mwaka 1991 iliweka kodi juu ya hewa chafu ya kaboni. Mafuta yakawa ghali, pampu ikawa na maana, na leo mamia ya maelfu ya nyumba za huko hupata joto kutoka kwenye mashimo ya ardhini.

Uingereza ilichagua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2011 kwa majengo makubwa, na 2014 kwa nyumba za watu, serikali ililipa pesa kwa kila kipimo cha joto kilichotoka katika chanzo kisichokwisha, iwe ardhi, jua au kuni. Nyumba zililipwa kwa miaka saba, majengo makubwa kwa miaka ishirini. Mpango wa nyumba ulifungwa kwa waombaji wapya tarehe 31 Machi 2022. Uingereza yenyewe na Wales sasa hutoa ruzuku ya mara moja wakati wa kuweka mtambo. Tangu Oktoba 2023 ruzuku hiyo ni pauni 7,500 kwa pampu.

Yaliyotokea Ireland ya Kaskazini yanatuhusu zaidi kuliko hesabu hizo. Mwaka 2012 serikali ya huko ilianzisha mpango wake wa kulipa kwa kila kipimo cha joto. Waliouingia walikuwa hasa wenye majiko makubwa ya kuchoma vidonge vya kuni. Katika mpango wa Uingereza, majiko ya namna hiyo yalipunguziwa malipo baada ya saa 1,314 za kazi kwa mwaka, ili mtu asichome bure. Kaskazini walikiacha kifungu hicho. Zaidi ya hapo, malipo yalizidi bei ya vidonge: ilisemwa kwamba kila pauni moja ya vidonge ilirudisha kama pauni 1.60. Matokeo yalikuwa wazi: kadiri ulivyochoma, ndivyo ulivyopata. Kukawa na habari za majengo matupu yaliyopashwa joto mchana na usiku. Ilikisiwa kwamba hasara ingeweza kufika pauni milioni 490 katika miaka ishirini. Mpango ulifungwa mwaka 2016. Januari 2017 Naibu Waziri Mkuu Martin McGuinness alijiuzulu kwa sababu ya mgogoro huo, na bunge la huko likakaa miaka mitatu bila kazi. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Patrick Coghlin ilitoa ripoti yake Machi 2020.

Funzo ni rahisi. Ukilipa watu kwa kuchoma, watachoma. Ukilipa kwa kuweka mashine, wataweka mashine. Msaada mzuri hulipa haja iliyotimizwa: mgonjwa aliyeogeshwa kwa maji ya moto, chakula kilichopikwa kwa makala machache zaidi. Tutarudi kwa jambo hili, maana linahusu pia misaada midogo inayopita katika makanisa yetu.

Joto la kina: Kongo ilitangulia, Kenya ikaendelea

Wasomaji wengi hawajui kwamba kituo cha kwanza cha umeme wa jotoardhi barani Afrika kilijengwa katika nchi yetu. Mwaka 1952, huko Kiabukwa katika Katanga, maji yenye nyuzi 91 kutoka chemchemi yalitumiwa kuendesha mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi, kwa ajili ya kampuni ya madini. Baada ya miaka michache ulisimama, na haukufufuliwa.

Kenya ilianza baadaye lakini haikusimama. Mashine ya kwanza ya Olkaria, karibu na ziwa Naivasha, yenye megawati 15, ilianza kazi mwaka 1981. Leo jotoardhi hutoa karibu nusu ya umeme wote wa Kenya. Tena wameliweka joto lenyewe kazini, bila kuligeuza kuwa umeme. Shamba la maua la Oserian lilipasha nyumba zake za mimea kwa kisima cha mvuke. Huko Menengai, karibu na Nakuru, shirika la serikali liitwalo GDC limeonyesha jinsi joto hilo linavyoweza kuchemsha maziwa, kukausha nafaka, kufua nguo na kupasha mabwawa ya samaki. Katika Eburru wakulima walikaushia maua ya pareto kwa mvuke wa ardhini tangu nyakati za ukoloni.

Kwa nini Kenya iliweza? Sababu moja ni kwamba serikali ilibeba hatari ya mwanzo. Kisima kimoja cha jotoardhi hushuka hadi kilomita mbili au tatu na hugharimu mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kitupu. Mfanyabiashara huogopa hapo. GDC iliundwa mwaka 2008 ili ichimbe kwanza kwa pesa za umma, kisha wengine wajenge vituo wakiwa na uhakika wa mvuke.

Kwa nchi za Afrika Mashariki kuna pia mfuko wa kupunguza hatari hiyo, GRMF, ulioanzishwa mwaka 2012 na Umoja wa Afrika pamoja na Ujerumani na Umoja wa Ulaya. Husaidia kulipa sehemu ya gharama za utafiti wa juu na za uchimbaji, na Kongo imo katika nchi zinazoruhusiwa kuomba. Huo ni mlango wa serikali na makampuni, si wa parokia. Lakini viongozi wa makanisa ya Kivu na Ituri wanaweza kuuliza wabunge wao: je, tumeugonga?

Sheria zetu zinasema nini

Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa watu binafsi na makampuni, si SNEL peke yake. Amri ya serikali ya Aprili 2015 ilipunguza kodi na ushuru wa forodha kwa ajili ya kuzalisha na kuingiza umeme. Mwaka 2016 viliundwa vyombo viwili: ARE, inayosimamia sekta, na ANSER, inayoshughulikia umeme wa vijijini na pembezoni mwa miji.

Hayo ni mazuri. Komite inayotaka kuagiza mitambo ya sola kwa hospitali yake iulize mapema, kabla ya mzigo kufika mpakani, ni kodi zipi inaweza kusamehewa na kwa karatasi gani. Lakini tuone jambo moja: maneno hayo yote ni juu ya umeme. Hakuna malipo kwa joto. Na sisi haja yetu kubwa, kila siku ya Mungu, ni joto. Katika Kongo zaidi ya nyumba tisa kati ya kumi hupika kwa kuni au makala.

Barumbu inahitaji joto gani?

Turudi nyumbani. Nyumba ya Barumbu haihitaji kupashwa joto. Udongo una nyuzi 25, na hewa vilevile. Pampu ya ardhini ingeweza kupoza chumba, lakini ingehitaji umeme usiokatika. Kituo cha Tshopo, kilichojengwa wakati wa ukoloni kwa megawati zipatazo 19, hakikukusudiwa mji mkubwa kama Kisangani ya leo. Kwa parokia yetu, kuchimba shimo la mita mia kwa ajili ya pampu ni kununua koti la baridi kwa mtu wa ikweta.

Joto tunalolihitaji ni la namna tatu: la kupika, la maji ya hospitali na maternite, na la kukausha mavuno na samaki.

La kupika linatoka msituni. Katika tanuru la kawaida la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala; nyingine huenda na moshi. Mchomaji aliyefundishwa kupanga kuni vizuri, kuzikausha kwanza na kutawala hewa anaweza kufika kilo 25 au zaidi. Maana yake ni kwamba magunia yale yale yanaweza kutoka katika nusu ya miti. Upande wa Yangambi, mradi unaoongozwa na shirika la utafiti wa misitu CIFOR, kwa pesa za Umoja wa Ulaya, umepanda miti ya kuni pamoja na wakulima. Kivu ya Kaskazini, mradi wa EcoMakala wa WWF ulianza kazi kama hiyo mwaka 2007, ili makala ya Goma yasitoke katika mbuga ya Virunga. Makanisa yana mashamba, na miti ya acacia haiulizi umeme.

Jikoni, mbabula yenye udongo ndani hutunza joto kuliko ile ya bati tupu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema. Sufuria iliyofunikwa hula makala machache kuliko iliyo wazi. Na sufuria iliyokwisha kuchemka, ikiwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu au matambara na kufunikwa vizuri, huendelea kuiva bila moto. Mama mwenye kikapu hicho amehifadhi joto kama yule wa Bath, bila fundi wa kuchimba.

Maji ya maternite yanaweza kupashwa na jua. Tangi jeusi juu ya paa, au mtambo wa mabomba ya kioo, hutoa maji ya kuogea watoto hata bila umeme, ingawa siku za mvua lazima kuwe na njia nyingine. Vyombo vya upasuaji bado vinahitaji joto kali zaidi la kuua vijidudu. Hapo jua la paa halitoshi.

Kwa ndugu wa Lubero, Butembo na nyanda za juu, ambako usiku kuna baridi, na kwa walio karibu na chemchemi za moto, hesabu inaweza kuwa tofauti. Kukausha kahawa au kuogea kwa maji ya chemchemi ni jambo la kuchunguza, maji yakipimwa kwanza, kwa kuwa mengine hubeba madini yanayokula mabomba na hewa mbaya inayoua.

Maswali ya komite kabla ya kutoa pesa

Mtu akileta mradi wa joto, uwe wa ardhini, wa jua au wa mbabula, tunashauri komite iulize hivi:

1. Ni haja gani ya joto tunayoitimiza, na inahitaji nyuzi ngapi: za kuoga, za kukausha, au za kuchemsha?

2. Leo haja hiyo inatimizwa kwa nini, na kwa bei gani kila mwezi?

3. Mtambo unahitaji umeme? Umeme ukikatika siku tatu, itakuwaje?

4. Nani hapa Kisangani anaweza kuutengeneza, na vipuri vinatoka wapi?

5. Msaada tunaopewa unalipia nini: mashine zilizogawiwa, au makala yaliyookolewa?

Swali la tano ndilo lile la Ireland ya Kaskazini. Mfadhili akilipa kwa idadi ya mbabula zilizogawiwa, ripoti itakuwa nzuri hata kama nusu yake zimekuwa viti vya watoto. Afadhali kupima. Familia kumi zipime makala yao kwa wiki moja kabla ya mbabula mpya, na wiki moja tena baada ya miezi mitatu, kwa mizani ile ile na kwa watu wale wale wanaokula. Akina mama wa kanisa wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa daftari na kalamu. Tofauti ya kilo ndiyo faida ya kweli, na ndiyo ya kuandika katika ripoti.

Kwa ndugu wa Ulaya tunajibu hivi: pampu yenu ni njema huko kwenu, kwa kuwa mna baridi na umeme. Mkitaka kutusaidia joto, tusaidieni kununua mizani, kufundisha wachomaji makala, kupanda miti, na kuweka tangi la jua juu ya paa la maternite.